Siku Mtaa Mzima Ulipowekwa Nje

Nyie wa kidato cha kwanza, sogeeni hapa, na yule anayekula karanga ale taratibu. Anayeongea nanyi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, magoti yangu yote mawili yanakunjika, na kuna insha ya Kiswahili ambayo mwalimu anaisubiri tangu Jumatatu, lakini kazini nimeshamaliza. Nilianza nikiwa darasa la tano, nikatoka kidato cha tatu. Kuna watu wazima hawajawahi kudumu kwenye kazi moja muda huo.

Kazi yenyewe ni ile mnayoionea aibu: kuokota vitu vya nyumbani vilivyotupwa kando ya barabara. Naandika kwa sababu juzi niliwaona wawili kati yenu mmesimama mbele ya kiti cha plastiki kilichotupwa getini, mnakizunguka kama kuku aliyeona mjusi. Mnakitaka. Mnaogopa kuonekana. Mkaondoka na mikono mitupu, na kabla hamjafika kona mtu mwingine akakibeba. Ujinga kama ule siwezi kuuvumilia, nimeufanyia kazi miaka mingi.

Halafu mjue mapema: sikustaafu kwa hiari. Nilistaafishwa na bosi wangu, mbele za watu, na nilistahili. Tutafika huko. Kwanza elimu.

Hapa Kibondo vitu havishuki kutoka mbinguni. Mtumishi akipata barua ya uhamisho, gari analopata ni dogo kuliko mali aliyonayo. Mtu wa shirika mkataba ukiisha anaondoka na begi la mgongoni na kompyuta, nyuma anaacha ndoo, mapazia, jiko la mkaa na meza yenye mguu mmoja unaoumwa. Mwenye nyumba anataka mpangaji mpya kesho, kwa hiyo vyote vinatoka getini. Kuna wiki ambazo ule mtaa wa nyuma ya soko ulikuwa kama duka lililokimbiwa na muuzaji.

Bosi wangu alikuwa Shangazi Nyandwi. Si shangazi yangu wa damu, ni jirani yetu, lakini jaribu kumwita Mama Nyandwi uone atakavyokutazama. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Amekulia hapa, amelima hapa, amezika mume hapa, na uraia wake amepewa hapa. Cheti chenyewe amekitia kwenye fremu ya dhahabu ya plastiki aliyoiokota, ambayo zamani ilikuwa na picha ya harusi ya watu. Mgeni akifika kwake, kabla hajapewa maji ya kunywa anaonyeshwa cheti.

Alikuwa na baiskeli isiyo na pedali. Haikuzihitaji. Ile haikuwa ya kupanda, ilikuwa punda wa chuma: unaisukuma, unaipakia kabati, unaipakia godoro juu ya kabati, na juu ya godoro unanipakia mimi nikiwa mdogo ili nishike kamba.

Shangazi alikuwa na sheria moja tu. Kabla hujagusa kitu, unakigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole kama unayebisha hodi mlangoni, halafu unauliza kwa sauti ya kusikika ndani ya nyumba, "Hiki kina mwenyewe?" Unangoja. Akijibu mtu, unamwomba atoke akuone sura, nawe umwone yake. Asipojibu mtu, unauliza nyumba ya pili. Napo kimya, unakiacha mpaka kesho.

"Lakini Shangazi," nilimwambia siku za mwanzo, "kesho tutakuta wenzetu wamekibeba."

"Basi kitakuwa cha wenzetu."

"Sasa sisi tutakuwa tumefanya nini?"

"Tutakuwa tumetembea. Sukuma baiskeli."

Mara nyingi ile hodi ilikuwa sinema. Siku moja tuligonga godoro lililoegemezwa kwenye nguzo ya umeme. Shangazi akauliza swali lake. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani kama jiwe, "Chukueni! Na aliyekuwa analilalia yumo humu, mbebeni vilevile!"

Ikafuata sauti ya mwanamume, ya chini, "Mama Jose, taratibu basi, watu wanasikia."

"Ndiyo nataka wasikie!"

Shangazi akajibu kwa adabu kabisa, "Samahani, mama, huyo ni mzito. Baiskeli yangu haina breki."

Halafu tukamsikia yule mama akicheka, na mumewe naye akicheka. Baadaye akatoka yeye mwenyewe mwanamume, amefunga taulo kiunoni, akatusaidia kulifunga kamba. Sijui yaliishaje, lakini lile godoro lilikuwa zuri.

Si magodoro yote ni mazuri, na hapa ndipo penye ujuzi. Godoro hulinusi, unaligeuza kona. Tazama kwenye mshono. Ukiona vidoa vyeusi kama mtu amenyunyiza pilipili manga, hao ni kunguni, na wako wengi kuliko ukoo wenu. Mimi niliruka hatua hiyo mara moja tu. Nilibeba godoro kichwani kutoka nyumba za watumishi mpaka kwetu, najisifu njia nzima. Kesho yake kipindi cha hisabati kunguni mmoja akatoka kwenye kola ya shati langu, akatembea taratibu begani kama afisa elimu anayekagua shule. Mwalimu akasimamisha mlinganyo. "Butoyi," akasema, "una mgeni." Darasa lilicheka mpaka kengele. Pacha wangu Bukuru, ambaye kwa bahati mbaya tulikuwa darasa moja, aliinua mkono akaomba kuhamishwa dawati.

Chupa ya chai unaitikisa sikioni. Ukisikia vigae, kioo cha ndani kimekufa. Usiitupe: toa vigae, osha, kausha, hapo umepata chombo cha kuhifadhia mbegu za maharage, wadudu hawafunui kifuniko. Kiti cha plastiki chenye ufa kinashonwa kama nguo. Unatoboa kwa msumari wa moto pande zote mbili, unapitisha waya, unakaza. Usimkalishe mgeni mnene siku hiyo hiyo. Jiko lisilo na kitako linatiwa kitako cha bati. Pazia unachukua hata likiwa na tundu, kwa sababu kuna mtu anaishi nyumba isiyo na mlango wa chumbani na hajasema kwa yeyote.

Na viatu vya mguu mmoja. Nilikuwa navipita, Shangazi anarudi kuviokota, vya kushoto tu. Nilidhani uzee umeanza. Siku ya soko tulienda Mabamba, akafungua mfuko, na mzee mmoja mwenye gongo, mguu wa kulia hana, akaja kuketi mbele yetu. Akavipanga viatu mstari, akawa anavijaribu kimoja baada ya kingine bila haraka.

"Hiki kinanizeesha," akasema.

"Na hiki cha kahawia?"

"Hicho cha mwalimu mkuu. Mimi nani kanipa shule?"

Alichagua raba nyeupe yenye mstari mwekundu. Akaondoka anaitazama kila hatua. Kwa miaka yote hiyo, watu waliokuwa wanamuuzia viatu walikuwa wanamtaka anunue viwili.

Mtaniuliza kuhusu aibu. Dawa yangu ilikuwa kuwahi kucheka kabla ya wenzangu. Tulipokuwa tunasukuma sofa katikati ya mji, kundi la darasa langu likaanza kupiga kelele, "Butoyi anahama na sebule!" Nikajilaza kwenye lile sofa, baiskeli ikiwa inatembea, nikakunja nne, nikawaagiza waniletee juisi. Walikufa kwa kicheko, na kesho yake hakuna aliyenitania. Nilijiona mshindi. Shangazi alingoja mpaka tulipofika kwake.

"Wewe unacheza juu yake," akasema. "Anayekwenda kulilalia hili ana watoto watatu wako chini kwenye mkeka. Yeye utamwambia acheke?"

Mkiniona siku hizi nina jibu la kila kitu, mjue lile moja bado sijalipata.

Sasa siku yenyewe.

Mnajua wale wapulizaji wa dawa ya mbu, wenye ovaroli na pampu mgongoni. Wakija mtaani, kila nyumba inatoa vitu vyote nje: vitanda, masufuria, nguo, redio, mpaka kalenda ya ukutani. Wanapuliza kuta, mnakaa nje mpaka dawa ikauke, mnafagia wadudu, mnarudisha. Kwa mwokotaji hiyo ni sikukuu. Si kwa sababu vitu viko nje, vile vina wenyewe. Ni kwa sababu mtu anapovuta kitanda anakutana na takataka za miaka kumi uvunguni, na zile harudishi. Anazisogeza karibu na mtaro na kusema, "Hizi ziende."

Siku ile Shangazi alianzia upande wa chini wa mtaa wa nyuma ya soko, mimi nikatumwa upande wa juu. "Hodi ni ile ile," akaniambia. "Leo ndiyo ubishe zaidi."

"Egome, Shangazi," nikamwitikia ndiyo kwa Kiha, na nilimaanisha kabisa.

Nilipofika juu, mtaa mzima uko nje na hakuna mtu. Wenyewe walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, mbali kidogo, wanapiga soga. Kando ya mtaro, nyuma ya duka la Bi Zuhura, palikuwa na lundo: ndoo isiyo na mkono, jamvi lililoliwa na mchwa, na kigoda cha ajabu. Kilikuwa kifupi, cha kukunja, mbao zake zimesuguliwa na makalio ya watu wengi mpaka zinang'aa. Mbele kimechomoza chuma kama ulimi, ncha yake bapa ina meno meno. Nikakitazama. Nikasema huyu fundi alikuwa anatengeneza kiti, akakatishwa tamaa, akapigilia chuma kwa hasira.

Jamani, mimi ni mtoto wa Kibondo. Mboga zetu zinaungwa kwa mawese au karanga. Nazi nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha darasa la pili, herufi N.

Nilipaswa kugonga. Kifundo cha kidole nilikuwa nacho. Lakini kwenda mpaka ule ukuta, kuwauliza watu ishirini, kungoja, na jua lile! Nikasema kitu kibovu namna hii nani atakijibia. Nikakitia kwenye mfuko mkubwa wa kuokotea pamoja na ndoo, nikapita njia ya nyuma. Nyumbani niliking'oa chuma kwa jiwe, kikatoka na kipande cha ubao wa mbele. Kigoda nikampa mama. Alikipenda palepale, akakikalia siku hiyo hiyo akisonga ugali. Chuma nikampelekea Fundi Minani wa baiskeli, jirani na shule, naye akanikazia mnyororo wa baiskeli ya nyumbani kwetu kwa furaha. Sikumwambia Shangazi, kwa sababu angeuliza nani alijibu hodi.

Siku mbili baadaye balozi wa mtaa ule akafika kwa Shangazi. Nyuma yake alikuwa Bi Zuhura mwenye duka na watu wengine kama kumi. Mimi nilikuwepo, nashona kiti kwa waya.

Bi Zuhura ni mtu wa Pwani, ameolewa huku miaka mingi, lakini Kiswahili chake hakijapanda mlima. Akizungumza, sisi tunaangalia mdomo kama tunaotazama runinga.

"Nyandwi, sikuja kwa shari," akasema. "Nimepoteza kibao changu cha kukunia nazi. Mama yangu alinikabidhi kwa mkono wake siku natoka kwetu, na mama yangu sinaye tena. Siku ya dawa nilikiweka nje. Mtaani hakupita mtu mwenye mfuko ila wewe. Kama ulikiokota kwa kudhani kimetupwa, nirudishie tu, yaishe."

"Kibao cha nini?" Shangazi akauliza.

"Cha nazi. Cha kukunja. Mbele kina chuma chenye meno."

Waya ukanichoma kidole, sikuusikia.

Shangazi akasema watafute. Wakapekua uani kwake, kitu kwa kitu, na kila walichoinua alikitaja kilikotoka. Hiki ni cha nyumba ya bati jekundu, mwenyewe alitoka akiwa ananyoa ndevu. Hiki ni cha yule nesi aliyehamishiwa Kasulu, alinipa na sabuni. Wengine walianza kuona haya. Lakini kijana mmoja wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, ila ilitosha, "Hawa wakimbizi ukiwazoea ndiyo hivi."

Shangazi aliingia ndani, nikajua anafuata ile fremu ya cheti. Akatoka bila kitu. Nadhani aliishika, akairudisha ukutani.

Balozi akakuna shingo. "Nyandwi, mimi sikuhukumu. Lakini watu wamepata wasiwasi. Mpaka kitu kionekane, usipite kwanza mtaani kwetu."

Mtaa ule ndio uliokuwa ukituwekea vitu. Usipopita nyuma ya soko, huna kazi Kibondo. Na mitaa mingine ikisikia, nako hupiti. Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaanza kurudisha vitu mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Mdomo huu, ambao umenipeleka ofisi ya mwalimu wa nidhamu mara nyingi kuliko niwezavyo kukumbuka, ulikuwa umefungwa kabisa.

Jioni mama alikuwa amekalia kile kigoda, anakoroga, anaimba. Ugali wangu nikampa Bukuru.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Bi Zuhura. Wateja walikuwepo. Nikasema, "Bi Zuhura, kibao nilichukua mimi. Shangazi Nyandwi hajui lolote."

Alinitazama juu ya miwani. "Ewe mtoto, si wewe uliyekuja hapa ukawaambia watu balozi anagawa vyandarua vya bure, wakakimbia wakaniacha na mizani hewani?"

"Ndiyo mimi, lakini hii ni kweli."

"Na si wewe uliyemwambia mume wangu kuwa basi la Kasulu limehamishia kituo mlangoni kwetu?"

Wateja wakaanza kucheka. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Mama mmoja mwenye kanga ya njano akasema, "Nyandwi, mtu mzima, anatuma mtoto amsemee uongo. Haya ni mambo gani?"

Mnaelewa nilichofanya? Nilikwenda kumtoa shimoni, nikalichimba zaidi. Mpaka saa nne mtaa mzima ulikuwa umeshasikia kwamba Nyandwi ananituma.

Nikakimbia mpaka kwa Fundi Minani. Kile chuma alikuwa nacho mkononi, anakwangulia mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka.

"Fundi, naomba hicho chuma."

"Hiki? Hiki sikitoi. Zamani nilikuwa nakwangua kwa kopo lililotobolewa, kiraka kinabanduka. Hiki kimenibadilishia maisha."

"Wanasema Shangazi Nyandwi ameiba. Ni hicho."

Akaacha kukwangua. "Nyandwi yupi? Nyandwi wa baiskeli isiyo na pedali?"

"Huyo."

"Pampu hii unayoiona," akasema akiigonga kwa mguu, "alinikuta najaza upepo kwa pampu ya kuazima. Aliizungusha siku tatu anatafuta mwenyewe kabla hajanipa." Akainuka. "Lete hicho kigoda."

Kumnyang'anya mama kigoda ni hadithi nyingine, kofi moja lilihusika. Nilirudi nacho kwa Minani. Akanoa meno ya chuma kwa tupa, kwa uangalifu, moja moja. Tatizo likaja kwenye kupigilia. Kipande cha ubao wa mbele nilikwisha kukichoma kuni, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona nazi ikikunwa.

"Kinakaa mbele," nikasema.

"Mbele kitamchoma mtu magoti. Fikiri, Butoyi. Hicho ni kama mkia, kinakaa nyuma, unakuna huku umegeuka."

Alikuwa fundi, mimi nilikuwa mwizi. Tukakiweka nyuma, kwa misumari minne mipya.

Nilikibeba kichwani mchana kweupe, nikapita katikati ya mtaa ili kila mtu aone. Dukani Bi Zuhura alikuwa anapima mchele. Nikakiweka juu ya kaunta. Akaacha mchele. Akazisugua zile mbao kwa kiganja, pole pole, upande mmoja na upande wa pili, akapapasa mahali fulani chini ambapo mimi sikuona kitu, na macho yakamjaa machozi. Halafu akafika nyuma.

"Hiki nini?"

"Ulimi wake."

"Nani kauweka huku?"

"Fundi baiskeli."

Alikaa juu yake, akageuka, akanyoosha mkono kutafuta chuma nyuma ya mgongo kama mtu anayewashwa asipofikia. "Sasa mwanangu, mtu akune nazi au avunjike kiuno?" Akacheka, analia, anacheka. Wateja hawakujua wafanye lipi.

Nikasimulia yote: mtaro, njia ya nyuma, jiwe, ugali wa mama. Safari hii sikuapa. Hakuna aliyecheka. Mama wa kanga ya njano aliangalia viatu vyake.

Bi Zuhura alifunga duka. Nasema alifunga duka, mchana, na siku ile ilikuwa ya soko. Tukaenda kwa Shangazi, yeye mbele, balozi na wateja nyuma, mimi katikati kama mfungwa. Akamwambia pale uani, mbele ya wote, "Nyandwi, nimekukosea. Nilikupa jina lisilo lako, na hawa wameshuhudia. Nisamehe."

Shangazi alimsogezea kiti. "Kaa, mama. Umetembea juani." Akamwuliza nazi inapikwaje na maharage. Wakazungumza mapishi. Nikaanza kuvuta pumzi, nikaona nitoe utani kidogo kuchangamsha watu. Nikafungua mdomo.

"Butoyi," Shangazi akasema bila kunitazama. "Wewe na mimi kazi imekwisha."

"Mpaka lini, Shangazi?"

"Nimesema imekwisha. Si kwa sababu ulichukua. Ulikaa pale na waya wako, ukanitazama napekuliwa."

Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakukuwa na keki.

Lakini jina halirudi siku moja kama kibao. Shangazi alipoanza kupita tena, watu walimsalimia kupita kiasi, mwakeye nyingi za Kiha, makofi mengi ya salamu, huku wakiingiza ndoo ndani. Vitu getini vilipungua. Alikuwa anarudi na baiskeli tupu, naiona kutoka dirishani kwetu, siku nne mfululizo.

Siku ya tano balozi akatangaza kuwa wapulizaji wanarudi. Mara ya kwanza dawa iliwaishia kabla ya kumaliza nyumba za upande wa juu. Watu wakaanza kunung'unika: nani atakaa na vitu, baada ya yaliyotokea? Balozi akataja vijana wawili. Bi Zuhura akasimama, kanga begani, akasema nyumba yake imeshapulizwa na hana cha kutoa nje, lakini kama wanataka ushauri wake, Nyandwi ndiye alinde. "Yule mtu anajua kila kijiko cha mji huu kimetoka mlango gani."

Aliyejibu ni mama wa kanga ya njano. "Alinde," akasema. "Mimi nitakuwa wa kwanza kutoa."

Na alikuwa wa kwanza kweli. Aliburuta sanduku la nguo mpaka kwenye kiti cha Shangazi, akaliweka miguuni pake. Wakafuata wengine. Mpaka saa tatu Shangazi alikuwa amekaa katikati ya vitanda, makabati, magunia ya mahindi na runinga tatu, fimbo mapajani, kama waziri. Yule kijana aliyesema neno la wakimbizi alileta redio yake, akaiweka, akasimama, akashindwa kuanza. Shangazi akamwambia, "Waya wake uzungushe vizuri, utakatika." Akauzungusha.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimevaa sare, najifanya napita kwenda shule. Nilipita mara nne.

"Wewe mstaafu," akaita. "Njoo."

Nikaenda.

"Nimekaa tangu alfajiri, njaa inaniuma. Nakwenda kunywa uji kwa Bi Zuhura." Akainuka, akaniwekea fimbo mkononi. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

Akaondoka bila kugeuka nyuma, anatembea taratibu kama mtu ambaye hajaacha chochote cha maana. Nikabaki na mtaa mzima. Nikakaa wima, mikono nimeibana katikati ya mapaja, pumzi natoa kidogo kidogo. Nzi akatua kwenye sufuria la watu, akatembea ukingoni, akaingia ndani. Nilitamani kumfukuza. Nikamwacha, nikamtazama tu mpaka Shangazi aliporudi.